Mwanao kapangiwa upasuaji wa moyamoya: ya kufanya kabla, siku yenyewe na mkisharudi nyumbani

Nlivolisikia hili jina mara ya kwanza nikajua dokta anaongelea moyo, nikamwambia dokta mwanangu moyo wake ulipimwa mwaka jana uko salama kabisa, akaniambia hapana mama hii iko kichwani. Najua kuna mzazi mwingine leo katajiwa hilo neno na yuko njiani anarudi nyumbani hajui aanzie wapi, kwa hiyo naandika kila nilichojifunza, nikiwa mama wa binti mwenye selimundu aliyefanyiwa upasuaji huu pande zote mbili.

Moyamoya ni Kijapani, ni kitu kinachofuka fuka kama moshi. Madokta wa Japani waliieleza hali hii mwaka 1957, na mwaka 1969 Suzuki na Takaku wakaipa hilo jina kwa sababu ukipiga picha ya mishipa ya ubongo unaona kama kuna moshi wa sigara umetanda chini ya ubongo. Ule moshi ni vijishipa. Yaani zile ateri mbili kubwa zinazopanda shingoni zinasinyaa taratibu pale zinapofika ndani ya kichwa, ubongo ukiona damu haitoshi unajifungulia vijinjia vidogo vidogo vya pembeni, lakini vijinjia hivyo ni vyembamba na dhaifu, kwa watoto mara nyingi havifikishi damu ya kutosha ndo unaona kiharusi, na kwa watu wazima vinaweza hata kupasuka damu ikavujia kwenye ubongo.

Wajapani na Wakorea wanaipata zaidi na kwao kuna jeni moja ya kurithi inaitwa RNF213 inayohusika, ila huku kwetu mtoto akiipata uliza kwanza habari ya selimundu, maana selimundu inakwangua na kusinyaza mishipa hiyohiyo. Wapo pia wenye dauni sindromu, na waliowahi kupigwa mionzi ya kichwa kwa ajili ya uvimbe. Kama una mtoto wa selimundu na hajawahi kupimwa kichwa kwa Dopla, acha kusoma hapa kwanza, kaandike kwenye daftari lako la kliniki uulize. Ni kama altrasaundi tu, wanaweka kifaa panjani, hakuna sindano wala dawa, inafanyika kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16, na spidi ya damu ikifika sentimita 200 kwa sekunde mtoto yuko kwenye hatari kubwa ya kiharusi na anatakiwa aanze matibabu ya kuzuia bila kusubiri.

Sasa kitu kimoja ningeomba kila mzazi akishike kabla ya vingine vyote. Mishipa ya mwanao iliyobaki imeshatanuka mpaka mwisho wake, haina akiba. Mtoto mwingine akikaa na kiu, au presha ikishuka kidogo, au akilia mpaka akatweta, mishipa yake inajirekebisha na maisha yanaendelea, wa kwako hawezi. Akilia kwa nguvu anapumua harakaharaka, ile hewa ya kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, na hiyo hewa ndo inayoifanya mishipa ya ubongo ibaki wazi, ikipungua mishipa inajibana, basi mkono unalegea. Ndo maana Japani wanajua watoto wanaopata dalili wakipuliza tambi za moto au wakipiga filimbi, na mimi wangu ilikuwa uji. Anapuliza uji wa moto asubuhi, kijiko kinamdondoka. Miezi mitatu mizima nilimgombeza kwa kudondosha vijiko, na hili bado linaniuma. Kwa hiyo maji, utulivu na maumivu kudhibitiwa ni sehemu ya upasuaji wenyewe, na sehemu kubwa ya hayo iko mikononi mwako wewe mzazi.

Anza na simu yako. Ukiona mkono au mguu umeishiwa nguvu, mdomo umeenda upande, maneno hayatoki, hata kama ni dakika tano na imeisha, rekodi video afu andika saa, upande gani, alikuwa anafanya nini. Dokta ukimwambia "huwa analegea" hana cha kushika, ukimwonyesha video anajua papo hapo ni upande gani wa ubongo una njaa zaidi, na hiyo inasaidia kuamua upande gani utangulie kufanyiwa. Lakini video ni sekunde chache tu, ukishaipata mlaze chali, mtulize apumue polepole, na mnaenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama dalili imeisha. Usimpe kitu mdomoni kama mdomo umepinda au anashindwa kumeza.

Picha. Wataanza na MRI ya ubongo pamoja na ya mishipa, hii inaonyesha kama kuna sehemu zimeshakufa na mishipa imesinyaa kiasi gani. Kabla ya upasuaji wengi watataka pia angiografia yenyewe, wanapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa nyongani hadi shingoni wanamwaga dawa wanapiga picha. Hapo uliza kitu kimoja, je mnapiga na mishipa ya nje ya fuvu? Inatakiwa wapige, kwa sababu mshipa utakaotumika kumwokoa mtoto unatoka huko nje, na pia saa ingine kuna vijinjia vimeshajiotea vyenyewe kupita kwenye utando wa ubongo, dokta asipoviona kwenye picha anaweza kuvikata wakati anafungua kichwa. Baada ya hicho kipimo mtoto atalala mguu umenyooka kwa masaa kadhaa na anywe maji mengi.

Wengi mtauliza kwanini wasiweke springi kama wanavyoweka kwenye moyo, nami niliuliza. Imejaribiwa, mshipa unasinyaa tena, ugonjwa uko kwenye ukuta wa mshipa wenyewe. Aspirini nayo inazuia damu kugandia pale penye wembamba, haiurudishii mshipa upana wake. Ndo maana dawa ya kweli ni kuacha ile njia iliyoziba na kuleta damu kwa njia nyingine.

Weka kidole mbele ya sikio, panjani, utasikia mshipa unadunda. Huo ndo utakaotumika. Kazi yake ni kulisha ngozi ya kichwa, na ngozi ya kichwa ina mishipa mingi inaweza kuvumilia kuupoteza. Kuna namna mbili za kuutumia. Ya kwanza ni ya moja kwa moja, wanaita baipasi, ncha ya ule mshipa inakatwa inaunganishwa na mshipa wa juu ya ubongo, yote miwili ina upana wa karibu milimita 1, wanashona chini ya hadubini kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele, na wakati wanashona ule mshipa wa ubongo unabanwa kwa klipu kama dakika 20 hadi 30 hivi. Faida yake damu inafika siku hiyohiyo. Upasuaji wa namna hii ulianzishwa na Yaşargil kule Zurich mwaka 1967, na miaka ya 70 ukaanza kutumika kwa moyamoya.

Ya pili haiunganishi kitu. Ule mshipa wa panjani haukatwi, unaachwa unatiririsha damu kama kawaida ila unalazwa juu ya ubongo na kushonewa hapo, na wengine wanaweka na kipande cha msuli au utando. Ubongo wenye njaa unatoa ishara, mishipa mipya inaota kutoka kwenye ule mshipa kuingia ndani. Nikikwambia nilipoelezwa hivi nililia ni kweli, kwamba ubongo wa mtoto unajua kuomba na mshipa unajua kuitika. Ila inachukua muda, miezi mitatu hadi sita, mpaka ienee vizuri, na katikati hapo mtoto bado yuko kwenye hatari ileile. Kwa watoto wadogo namna hii inatumika sana kwa sababu mishipa yao ni midogo mno kuunganisha na wao huwa wanaotesha vizuri, watu wazima hawaoteshi sana kwa hiyo wao wanapendelea ile ya moja kwa moja au zote mbili pamoja. Usiende hospitali ukisema nataka hii au ile, ila ujue inayofanyika ni ipi ili ujue utegemee nini lini.

Maswali niliyokwenda nayo kwa dokta, chukua yanayokufaa. Umeshafanya wangapi wa moyamoya, maana mtu anaweza kuwa bingwa wa uvimbe wa ubongo na hii asiwe ameifanya mara nyingi. Dokta wa usingizi naye ameshawahi? Hili watu wanalisahau na mimi naliona zito sawa na la kwanza. Mtafanya upande mmoja au yote kwa siku moja, na kama ni mmoja mmoja, wa pili baada ya muda gani? Kama ametoka kupata kiharusi juzi juzi, tusubiri wiki ngapi, maana ubongo uliojeruhiwa karibuni hautaki kuguswa kama si lazima. ICU ipo na kitanda kimeshikwa? Kama mnasafiri nje, India au kwingineko, uliza haya yote kabla hujakata tiketi, na ubebe picha zenyewe kwenye sidii au flashi, ripoti ya karatasi peke yake haitoshi.

Wiki mbili kabla. Nunua au azima kipimo cha presha chenye bendeji ya saizi ya mtoto, mpime asubuhi na jioni akiwa ametulia, andika. Dokta wa usingizi atakachohitaji kujua ni presha ya kawaida ya mtoto huyu, ili pale mezani asiiache ishuke chini yake, na ukimpimia siku ya kulazwa akiwa anaogopa unapata namba ya uongo. Daftari langu la presha alilipiga picha na simu yake.

Kwa mtoto wa selimundu kuna damu. Kabla ya upasuaji wanataka ile himoglobini ya selimundu ipungue iwe chini ya asilimia 30, na himoglobini kwa jumla iwe kama 10, kwa hiyo ataongezewa au kubadilishiwa damu. Isipande sana nayo, damu ikiwa nzito kupita kiasi inakwama. Wachangiaji anza kuwatafuta mapema, baba wadogo, majirani, watu wa jumuiya, msikitini, usingoje kuambiwa chupa zimepungua, na hakikisha rekodi zote za damu alizowahi kupewa zinafika kwa maabara, maana mtoto aliyeongezewa mara nyingi anahitaji damu iliyochaguliwa kwa makini zaidi.

Aspirini nayo. Upasuaji mwingi wanakwambia uiache wiki nzima kabla. Kwenye moyamoya timu nyingi wanaiendeleza mpaka karibu na siku yenyewe na kuirudisha kesho yake. Sasa unaweza kukutana na nesi wa mapokezi anakwambia kwa nia njema kabisa iache, usiiache na usiiendeleze kwa kichwa chako, mpigie dokta wa upasuaji mwenyewe akujibu. Na mtoto akipata homa au kikohozi au kuharisha wiki hiyo, sema, usifiche kwa kuogopa tarehe kusogezwa.

Usiku wa kuamkia upasuaji ndo usiku wa maji. Mtoto analazwa jioni yake na kuwekewa dripu, kuna hospitali wanatoa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Sisi wa selimundu tunaijua habari ya maji ila hapa ni zaidi. Omba awe wa kwanza kwenye orodha asubuhi, ili ile njaa ya kufunga isivute mpaka mchana. Chakula kinasimama kama masaa sita kabla, lakini maji meupe huwa yanaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla, uliza saa kamili uiandike, umwamshe anywe. Niliweka alamu saa kumi alfajiri.

Na omba krimu ya ganzi. Inapakwa mkononi kama saa moja kabla ya kuchoma sindano ya dripu, mtoto haumii. Kwingine itaonekana ni kudekeza mtoto, kwenye moyamoya kilio cha dakika kumi cha kutafuta mshipa kinaweza kuleta kiharusi. Mimi nilimwambia sista, dada yangu naomba wasimkamate kwa nguvu, niachieni nimpakate, tukaimba, akachomwa anaimba. Omba pia uingie naye mpaka mlangoni, au alishwe dawa ya kumlegeza kabla hajatenganishwa na wewe.

Akishaingia ndani, kwa sababu najua utakaa pale nje unawaza, hiki ndo kinachoendelea. Wanafuata ule mshipa kwa kalamu ya Dopla inayosikiliza mdundo, wanauchora kwa peni juu ya ngozi, wananyoa njia nyembamba tu. Wanaufukua taratibu pamoja na nyama laini kuuzunguka. Wanafungua kipande cha fuvu, kisha utando mgumu, kisha kwa hadubini ule utando mwembamba kama wa vitunguu, wanalaza au kuunganisha. Fuvu linarudishwa likiwa limeachiwa nafasi juu na chini, ili mshipa uingie na kutoka bila kubanwa. Muda wote dokta wa usingizi ndo anashika maisha, presha isishuke, ile kaboni dayoksaidi ibaki kawaida, joto la mwili lisiyumbe. Ni masaa mengi, upande mmoja tu unaweza kula nusu siku. Nenda ukale.

Usiku wa kwanza ni ICU. Kazi yako hapo ni kuangalia vitu vitatu, maumivu, maji, na mabadiliko. Ukiona anaanza kukunja uso usisubiri alie, mwite nesi, dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake na si mpaka mtoto aombe. Akiruhusiwa kunywa, mnyweshe kidogo kidogo mfululizo. Na kama mkono unalegea, au maneno yamepotea, au kichwa kinauma vibaya mno, au anashtuka kama degedege, piga kelele. Siku hizi za mwanzo ndo zenye hatari ya kiharusi, na kwa aliyefanyiwa baipasi ya moja kwa moja, watu wazima hasa, kuna na kinyume chake, damu inafika nyingi ghafla sehemu iliyozoea kidogo. Dalili zinafanana, tiba ni kinyume, wa kiharusi anapandishiwa presha na wa damu nyingi anashushiwa, kwa hiyo lazima wapige picha, hakuna kubahatisha.

Nyumbani. Kidonda chunguza kila siku, ngozi pale imenyang'anywa mshipa wake kwa hiyo inapona polepole, ukiona pamekuwa peusi, panatoa maji, au homa, rudi. Usiruhusu kitu kubana panjani pale mshipa unapopita. Miwani yenye mikono inayobana, kofia, kilemba, hijabu iliyofungwa kwa kukaza na pini, na nywele, jamani nywele, mabutu ya kuvuta mpaka macho yanapanda hapana. Shangazi yake alikuja kumsuka kwa upendo wiki ya tatu nikamzuia akanuna, nikamshika kidole nikakiweka pale panapodunda nikamwambia huo ndo unamlisha ubongo shangazi, hakusema tena.

Kuharisha, kutapika na malaria ndo maadui wa miezi hii. Mtoto mwingine unampa ORS unamwangalia siku mbili, huyu akitapika mara kadhaa maji hayakai nenda akawekewe dripu leo. Joto la mchana asikae juani. Shule iandikiwe barua, chupa ya maji iwe mezani kwake na ruhusa ya kwenda chooni muda wowote bila kuulizwa, asipulize maputo, asikimbizwe kwa adhabu. Uji na chai tunavipoza kwa kumimina kwenye kikombe cha pili. Kufunga Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa kisheria, zungumza na dokta na shehe wako, usimwache mtoto ajilazimishe kwa sababu wenzake wanafunga. Maumivu ya kichwa yanaweza kuendelea hata upasuaji ukiwa umefaulu, ila dawa za kipandauso za jamii ya triptani asipewe, zinabana mishipa.

Upasuaji haujatibu selimundu. Kuongezewa damu kila mwezi au dawa ya selimundu inayoitwa haidroksiyurea, dokta ndo ataamua vinaendeleaje, usiache mwenyewe kwa sababu kichwa kimeshafanyiwa.

Na kama mgonjwa wako ni mtu mzima, kaka au mama, aliyevuja damu kichwani kwa moyamoya, na wao wanafanyiwa. Japani walifuatilia watu wazima 80 waliowahi kuvuja, majibu yakatoka 2014, waliofanyiwa baipasi pande zote walivuja tena asilimia 2.7 kwa mwaka, wasiofanyiwa 7.6.

Miezi sita hadi mwaka baadaye picha inarudiwa. Mlinganishe za zamani na mpya kwenye kioo kimoja, mwambie dokta akuonyeshe. Ule moshi unakuwa umepungua na mshipa wa panjani umenenepa una matawi. Zile ateri za zamani zinaweza kuwa zimesinyaa zaidi, usishtuke, damu haipiti huko tena. Baada ya hapo MRI kwa ratiba watakayokupa, na upande ambao haujafanyiwa uangaliwe kila safari, unaweza kuja kuugua baadaye.

Mwisho tengeneza kadi, laminisha, moja kwenye begi la shule, moja kwenye pochi yako, moja kwa bibi. Yangu imeandikwa hivi, nakili ubadilishe ya kwako: "Nina moyamoya na selimundu. Nimefanyiwa upasuaji wa mishipa ya ubongo kulia na kushoto. Nikilegea upande mmoja au nikishindwa kuongea: nilaze chali, nitulize, nipe oksijeni na dripu, usishushe presha yangu, usibane panja zangu. Natumia aspirini. Mpigie mama." Namba ya simu iandike kubwa.